Mwaka mmoja na mashiti ya polistireni: uzoefu wangu kwenye kujenga lori la GMC, hapa Mtwara

Habari zenu wadau. Haya mashiti nimekaa nayo mwaka mzima sasa, nimeyakata, nimeyakunja, mengine nimeyaharibu kabisa, kwahiyo nitakachosema hapa nimekipitia kwa mikono yangu. Nazungumzia yale mashiti ya plastiki nyeupe, polistireni, saizi ya A4. Niliagiza pakiti ya vipande kumi vya unene tofauti, nusu milimita, moja, moja na nusu na mbili, ikafika Dar ikapandishwa basi mpaka huku Mtwara. Pakiti elfu 48, mzigo kwenye basi elfu 5.

Kazi niliyoyanunulia ni moja tu, kujenga lori la jeshi la Marekani la vita vya pili, GMC CCKW, lile la tairi kumi, kuanzia sifuri bila kununua modeli ya kuunganisha, kwa kipimo cha 1/16, yaani kila kitu kigawe kwa 16. Kwanini hilo, ni kwa sababu ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa kibarua Nachingwea enzi za mashamba ya karanga ya Mwingereza, ule mradi ulioanzia Kongwa 1947 ukashuka mpaka kusini huku, ndio uliotuletea bandari ya Mtwara na reli ambayo baadaye iling'olewa, na 1951 wakaufuta. Babu alikuwa akisimulia magari ya vitani yenye pua ndefu na tairi kumi, na siku moja nilimwonyesha picha ya GMC kwenye simu akaweka kidole pale pale kwenye boneti akasema ndilo hili. Hakuishi kuliona likimalizika, ila toka siku ile nilijua lazima nilijenge.

Mwanzo nilianza na maboksi. Sisi wote tumekua na magari ya waya na ya maboksi, kwahiyo nikaona nitumie kadibodi ngumu na supaglu, na kwa kweli ndani ya wiki tatu lilikuwa linafanana. Mvua za Januari zilipoingia ile kebini ikavimba, milango ikajikunja, chasi ikashuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Unyevu wa pwani hii sio wa mchezo. Baada ya hapo nikajaribu vipande vya fomu ya mabango, zile mbao za plastiki wanazotumia watu wa mabango, mafundi wanakupa mabaki bure au kwa buku. Haivimbi, ni nyepesi, lakini ukiikata pembeni inaonyesha vitundu vitundu kama mkate, na kwenye kitu kidogo kama bawaba ya mlango inameguka. Ndio nikaingia kwenye polistireni.

Sasa uzuri wake. Kwanza haili maji kabisa, nimeacha vipande dirishani msimu wote wa mvua na viko vile vile. Pili inakatwa kwa namna ambayo ukiizoea hutaki kitu kingine, hukati mpaka chini, unakwaruza na kisu mara mbili tatu kando ya rula ya chuma halafu unakunja kidogo, tak, imeachana kwenye mstari ule ule na ukingo umenyooka. Unapitisha msasa mara moja umemaliza. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, gundi yake haishikishi tu juu juu, inayeyusha plastiki mbili zinakuwa moja. Gundi maalum sikuipata Mtwara mjini kwahiyo natumia tina kali ile ya mafundi wa kupulizia rangi za magari, unachovya brashi nyembamba unagusa kwenye maungio inajivuta yenyewe ndani, unashikilia kama sekunde kumi basi. Fanya nje kwenye upepo, ule mvuke ni mbaya, usifungie chumbani na watoto. Gundi ya mabomba pia inashika ila ni nzito mno, ilinikunjia boneti ya nusu milimita ikawa kama karatasi iliyolowa.

Supaglu bado utaihitaji kwenye waya na raba, lakini kwa huku pwani chupa ukishaifungua iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na mchele mkavu, maana unyevu ndio unaoigandisha, mimi nimetupa chupa nne kabla sijajifunza hilo.

Ubaya wake sasa, na sitaficha. Muuzaji aliandika vipande vitatu vya nusu milimita, nikakuta kimoja tu, vingine viwili ni vyembamba zaidi, nimepima na kalipa vikasoma 0.3. Nilimwandikia hakujibu mpaka leo. Halafu mzigo ulikuja umekunjwa, inaonekana ulilaliwa na mizigo mingine kwenye buti ya basi kwenye lile joto, shiti la milimita 2 likawa na tumbo. Nililinyoosha kwa kulilowesha kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, nikaliweka katikati ya vioo viwili na tofali juu usiku mzima, likarudi asilimia kubwa. Mwambie anayekutumia aweke ubao pande zote mbili.

Shida nyingine ni saizi na hapa nataka mnisikilize vizuri kabla hujatoa hela. GMC lenyewe la chasi ndefu ni kama mita 6.5 kwa urefu, ukigawa kwa 16 unapata sentimita 40 na ushee. Shiti la A4 lina milimita 297, hata ukikata kwa ulalo unapata kama 364, kwahiyo reli ya chasi haitoki kwenye kipande kimoja, haiwezekani. Ilibidi niunge. Reli ya chasi ya lori ukiitazama kwa mbele ni kama herufi C, nikaijenga kwa vipande vitatu vya milimita moja, na maungio nikayapishanisha yasikutane sehemu moja, halafu ndani nikaweka bamba la kuongeza nguvu kama mafundi wa gereji wanavyofanya wakirefusha chasi ya Fuso. Imesimama mpaka leo haijapinda. Ila kama unajenga 1/16 agiza A3, usinifuate mimi. Kwa 1/35 A4 inatosha na kubaki.

Nipo kwenye vipimo ngoja niseme kitu ambacho kingeniokolea wiki mbili. Maelezo ya lile gari yanasema umbali wa ekseli, wheelbase wenyewe wanaita, ni inchi 164. Nikagawa nikapata milimita 260, nikapima toka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya kwanza ya nyuma nikatoboa matundu. Kosa. Kwenye gari la ekseli mbili nyuma unapima mpaka katikati ya zile ekseli mbili, sio mpaka ya kwanza. Lori langu likawa refu kwa zaidi ya sentimita tatu, nikiliweka pembeni ya picha linaonekana halina adabu na nashindwa kujua kwanini. Nilikata chasi upya, na polistireni kwa hilo nailipa heshima, nilikata, nikatoa kipande, nikaunga, baada ya msasa huoni.

Jina lenyewe CCKW sio pambo, kwa namna GMC walivyokuwa wakiandika C ya kwanza ni mwaka 1941, C ya pili ni kebini ya kawaida yenye boneti mbele, K ni kwamba tairi za mbele nazo zinavuta, W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Hiyo K ndio iliyonila muda, maana kama mbele inavuta lazima mbele kuwe na difu, lile tumbo la gia kwenye ekseli, na propela yake, ile shafti inayoizungusha, sio bomba tupu. Difu zake zilikuwa za aina mbili, moja imegawanyika katikati na mduara wa bolti, nyingine ni ya duara moja kama sufuria iliyofunikwa. Nilichagua ya duara, nikakata visahani vya milimita 2 nikabandika sita sita nikavizungusha kwenye drili na msasa mpaka vikatoka vimeumuka vizuri. Difu zote tatu lazima ziwe za aina moja, usichanganye. Bolti nilizitoa kwa kusukuma sindano butu nyuma ya shiti lile la 0.3, ile iliyokuja kimakosa, inatokeza kijidutu mbele kama kichwa cha riveti. Kwahiyo yale mashiti membamba nayo nilikuja kuyapenda.

Springi pia, polistireni ndio mahali pake. Unakata vipande vyembamba vya nusu milimita, kila kimoja kifupi kuliko cha juu yake, unavipanga unavibandika huku umevikunja kwenye chupa ya soda, tina ikikauka vinabaki na mkunjo huo huo. Nilikaa nazitazama hizo springi usiku mzima karibu.

Kwenye tairi usijaribu plastiki, utateseka bure. Tairi za lile gari ni 7.50-20, kwa 1/16 zinakuja kama milimita 57 kwa upana wa duara na unene wa 12, na soli ya ndala ukiipunguza kidogo kwa msasa ni 12 hiyo hiyo! Tairi kumi na spea moja, nimetoa zote kwenye soli tatu za ndala nyeusi. Unakata duara la kukadiria, unapitisha bolti katikati, unafunga kwenye drili, msasa unafanya mengine, kashata unachora na waya uliopashwa moto. Tulivyokuwa watoto pale Chuno tulikuwa tunakata ndala hizo hizo kwa magari ya waya na kuchapwa juu, kwahiyo mkono ulikuwa unajua kazi.

Bodi la nyuma nimefanya la mbao, maana Wamarekani walianza na bodi za chuma halafu wakahamia mbao ili kubana chuma. Mbao zenyewe ni polistireni vile vile, nimekwaruza na kipande cha msumeno wa chuma ikatoa mistari ya mti, ukipaka rangi huwezi kuamini. Mataruma ya turubai ni waya wa kufungia nondo, turubai ni bafta iliyochemshwa na majani ya chai ikapakwa gundi ya mbao iliyozimuliwa. Rangi ile ya kijani chafu ya jeshi sikuinunua, changanya nyeusi na njano kidogo kidogo inakuja yenyewe, ila piga msasa laini plastiki kwanza na uioshe kwa sabuni la sivyo rangi inabanduka na kucha.

Kama ni kutoa maksi, mashiti yenyewe nayapa 8 kwa 10, muuzaji 4. Nitaagiza tena, kwa mtu mwingine, A3, ya milimita moja na nusu milimita tu, hizo mbili zinatosha kila kitu, unene mwingine unabandika mwenyewe. Imebaki vipande viwili na robo, navitunza kwa ajili ya winchi ya bampa la mbele, maana picha aliyoiweka babu kidole ilikuwa na winchi na langu bado halina.