Sarafu za mfalme aliyejiuzulu: ununue ipi Nairobi?

Mwezi jana muuzaji mmoja hapa mjini alinitolea sarafu kubwa yenye kichwa cha Edward VIII, mfalme wa Uingereza, imeandikwa 1937, akaapa ni ya majaribio. Nilimrudishia. Edward aliacha ufalme Desemba 1936 ili amwoe Wallis Simpson, na sarafu za Uingereza zenye sura yake zilikuwa bado zinajaribiwa. Ile ya dhahabu iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Haiwezi kulala juu ya turubai kando ya mitumba. Hiyo ni ya mwisho kwenye orodha yangu. Vipande vya kubuni, visivyowahi kuwa sarafu halisi, vyenye sura yake vimejaa sokoni.

Ya kwanza ni ndururu (senti tano) ya 1936, pamoja na senti kumi yake. Huku Afrika Mashariki Edward alitoka kweli, tena kwa mamilioni, kwa kuwa hela hizi za shaba hazina sura ya mfalme, zina jina tu. Usidanganywe na mwaka: za baba yake, George V, za 1936 zipo pia. Igeuze, usome EDWARDVS VIII. Upande wa pili utaona pembe za ndovu zimelikumbatia tundu. Herufi H au KN ni alama za viwanda vya Birmingham. Ukitajiwa bei inayozidi nusu kilo ya nyama choma, endelea na safari. Na usiisafishe! Yangu niliisugua kwa limau, ikang'aa kama kizibo cha soda, na hakuna aliyeitaka tena.

Ya pili haimhusu Edward, bali ni ya koloni la Wajerumani: heller (sarafu yao ndogo) 20 za Tabora, 1916. Wajerumani, wakiwa wamezibiwa njia ya baharini na vita, walijipigia sarafu wenyewe. Tafuta herufi T. Zimechongwa ovyo ovyo, na mimi nazipendea hapo hapo.

Ya tatu, kwa mwenye mfuko mzito, ni rupia 15 za dhahabu za Tabora, zenye tembo mbele ya mlima. Zilipigwa 16,198 tu, hivyo za bandia ni nyingi. Ipeleke kwa sonara muipime kabla hujatoa hela: gramu 7.17 hivi. Muuzaji akikataa mizani, mwachie tembo wake.