Tromsø hadi Longyearbyen kwa ndege: dakika za angani na saa za safari

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu si ndege.

Ukitafuta mtandaoni umbali kati ya viwanja hivi viwili vya Norwei, utajibiwa kama kilomita 960, zaidi kidogo ya saa moja. Kilomita ni sahihi. Saa ndiyo si ya kupangia safari, maana hapo wamegawa tu umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa imeshashika kasi. Kuanzia kung'oa nanga Tromsø hadi kusimama Longyearbyen, hesabu kama saa moja na dakika 40.

Halafu kuna pasipoti. Svalbard, visiwa vya kaskazini ambako Longyearbyen ipo, iko chini ya Norwei, lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Kwa hiyo hata aliyepanda Oslo kwa ndege inayopitia Tromsø hushuka, hukaguliwa pasipoti, kisha hurudi kitini kwake. Foleni yetu ilisonga taratibu kweli, na hapo ndipo nyota yangu ilipobaki. Wenzangu wenye pasipoti za Afrika Mashariki, someni hapa vizuri: Svalbard kwenyewe hakudai viza, ila ukitoka Tromsø umeshatoka Schengen. Viza yako ikiwa ya kuingia mara moja tu, kurudi itakuwa kesi. Omba ya mara mbili au zaidi.

Angani hakuna la kulalamikia. Chini ni Bahari ya Barents, na karibu nusu ya njia kuna kisiwa kidogo cha Bjørnøya, ukibahatika mawingu kufunguka. Mimi sikubahatika. Niliondoka mchana wa Januari, na huko juu jua halichomozi tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, kwa hiyo kulipia zaidi kiti cha dirishani majira hayo ni kutupa pesa. Kuanzia nusu ya pili ya Aprili hadi Agosti jua halizami kabisa. Wakati huo lipia bila kusita.

Uwanja wa Longyearbyen, uliofunguliwa mwaka 1975, ndio wa kaskazini zaidi duniani wenye safari za ratiba za abiria. Njia yake ya kurukia imejengwa juu ya ardhi iliyoganda, na ardhi hiyo ikilegea lami huyumba, ndiyo maana matengenezo hayaishi. Jengo lenyewe ni dogo. Mabegi yanazunguka chini ya macho ya dubu wa barafu aliyekaushwa, watoto wanapiga picha, na mlangoni tu kuna basi linalosubiri ndege na kushusha watu hoteli kwa hoteli. Teksi ya nini?

Kurudi, pasipoti ni tena, na forodha juu yake. Kama unaunganisha Tromsø kwa tiketi nyingine, usiache chini ya saa mbili, na majira ya baridi ongeza, kwa sababu upepo na ukungu wa Svalbard havijui ratiba ya mtu.