Baiskeli ya mtumba niliyoizungukia Pemba

Anayetaka kuizunguka Pemba kwa baiskeli na mzigo wake nyuma, aulize gia kwanza, rangi baadaye. Unguja ni tambarare. Unaweza kutoka mjini mpaka Makunduchi usikutane na mlima wa maana. Pemba ni kupanda na kushuka, na ukishateremka kwenye meli Mkoani, kilima cha kwanza kiko hapo hapo juu ya bandari.

Yangu ni ya milimani, fremu ya chuma, tairi za inchi 26. Niliinunua mjini kwa chini ya nusu ya bei ya ile mpya ya alumini ambayo muuzaji alikuwa akiisifia. Ile mpya ilikuwa na shokapu mbele na nyuma. Inapendeza, sikatai, lakini shokapu ya nyuma inaleta tabu kufunga keria, na ukikanyaga mlimani nguvu nyingine inaishia kwenye springi. Tena chuma kikipasuka, fundi wa kuchomea mageti anakiunga. Alumini si kila fundi anaiweza.

Gia zimenifurahisha hasa. Ndogo ya mbele ina meno 28, kubwa ya nyuma 34, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Unakwenda taratibu, watoto wa skuli wanakupita kwa miguu huku wanacheka, lakini hushuki kusukuma.

Keria iliyokuja nayo, hapana. Muuzaji aliniapia inabeba gunia la mchele; ilikatika mguu kabla sijafika Wete. Fundi wa huko akanitengenezea nyingine ya nondo nyembamba. Nzito kidogo, ila haijatikisika tena.

Mabegi ya pembeni sikununua. Nilichukua ndoo mbili za rangi za lita 10 zenye mifuniko, nikazitoboa na kuzifunga kulabu kwa bolti. Mvua ya vuli haiingii, na jioni unapata pa kukalia. Zisogeze nyuma vya kutosha, la sivyo kisigino kitazigonga kila ukikanyaga. Vizito viwe chini, pande zote sawa. Juu ya keria nafunga hema tu, kwa mpira wa tyubu kuukuu. Sijaona kamba ya dukani inayoushinda.

Tairi pana, inchi 2, zinatosha kwa lami na kwa vumbi. Kwenye mchanga wa kuelekea Vumawimbi punguza upepo, ukirudi barabarani jaza. Chagua tyubu zenye valvu nene kama za pikipiki, maana pampu yake utaipata kwa kila anayeziba pancha. Gurudumu la nyuma liwe na spoki 36, na za akiba uzifunge kwenye fremu, kwani za urefu wako huenda usizipate njiani.

Chumvi ndiyo adui. Ukitoka melini au ufukweni, futa cheni kwa kitambaa kikavu kisha tia mafuta. Na msimu wa karafuu punguza mwendo vijijini, watu wameanika pembezoni mwa barabara.

Kiti kilichokuja nayo ni cha sponji laini, raha saa ya mwanzo, adhabu zinazofuata. Kwa sasa nakalia kanga iliyokunjwa. Mwenye kiti kigumu cha ngozi anachouza, bei tutaelewana.