Gari za spoti za zamani Nairobi: nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuikimbia

Kabla hujaanza kuzunguka yadi za Ngong Road na Kiambu Road elewa kitu kimoja, gari ya spoti ya zamani huagizi tena, iko hapa hapa tayari. Sheria ya mitumba inasema gari isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza na usukani uwe kulia, kwa hivyo hiyo Impreza ya 2004 ama Evo ya 2005 unayoiota iliingia nchini kitambo, imeshapitia wenyewe watatu wanne, mmoja wao kijana wa chuo aliyenunuliwa na babake, na saa hii iko kwa broka anayeapa ilikuwa ya daktari fulani wa kike aliyekuwa anaenda nayo kanisani tu. Ndio maana mimi hizi gari sizipangi kwa nguvu wala kwa jina. Nazipanga kwa swali moja: ikikufia Jumatatu asubuhi hapa Nairobi, Jumamosi itakuwa barabarani?

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo zile video za Wajapani hazikuambii. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka baharini, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari ya nguvu za farasi 210 kwenye karatasi, hapa Westlands inavuta kama ya 175 hivi, na ukielekea Limuru inazidi kupumua vibaya. Turbo inajisukumia hewa yenyewe kwa hivyo haiumii sana, na hiyo ni sababu tosha ya kuipenda ukiishi huku. Shida ni kwamba turbo za Japani zilipangiwa ile petroli yao ya bei ya juu ya oktani 100, na super ya kawaida ya hapa haifiki hapo, sasa kijana akiongeza busti, yaani presha ya turbo, juu ya hiyo petroli bila kumwona mtu anayejua kupanga kompyuta ya gari, pistoni ndizo zinalipa. Na matuta nayo, bana, usisahau matuta. Gari iliyoshushwa ikakutana na matuta ya estate yenu, yale wanaume wamejimwagia wenyewe bila kipimo, utaacha bampa hapo wiki ya kwanza.

Pesa: kama bajeti yako ni milioni moja, tafuta gari ya laki saba. Hizo laki tatu si zako, ni za gari, utaona tu.

Namba 1: Subaru Impreza WRX, ya 2003 hadi 2007

Nimesema WRX ya kawaida, sijasema STI, ile kali zaidi. STI ina gia sita na farasi 280, WRX ya Japani ya manuali ina gia tano na farasi 250, na kwa barabara zetu hiyo tofauti ya 30 hutaisikia, lakini utaisikia kwa bei na kwa historia, manake STI ndio kila mtu alitaka na karibu kila mtu aliyeipata aliiendesha kama ameiba. WRX ya steshen wagon ndio bora kabisa, watu wanaidharau ati inakaa ya mzee, na mzee ndiye unayemtaka awe ameimiliki kabla yako.

Kwa nini iko juu ya zote? Mafundi na spea, basi. Patrick Njiru, dereva wetu wa rali, alitufanya tuipende Subaru mapema miaka ya 90, Colin McRae akashinda Safari Rally na Impreza 1997, Richard Burns akarudia 2000, na watoto waliokuwa wanasimama kando ya barabara kumezwa na vumbi ndio leo wana gereji. Ukishuka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, ukaenda Industrial Area ama Kariobangi Light Industries, utapata mtu anaijua hiyo injini ya EJ20 kwa kuisikia tu. Injini ya eks-Japani ipo, nosikati, yaani uso mzima wa mbele, ipo, taa ipo. Omba tu risiti na usinunue kitu kilicholetwa kwa gunia na mtu hataki kusema kimetoka wapi, manake pengine kimetoka kwa gari ya jirani yako.

Sasa kukagua. Nenda asubuhi na ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka mkono kwa boneti. Ikiwa moto, mwenyewe ameipasha ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi, mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, chomoa dipstiki, na hii ya Subaru inasumbua kusoma, upande mmoja unaonyesha oili iko juu upande mwingine chini, wewe amini ule wa chini. Ukikuta oili iko chini ya alama ondoka hapo, kwa sababu hizi injini zinanoki, yaani zinagonga ndani, zikikosa oili, na mwenyewe ambaye hapimi leo hakupima hata mwaka jana. Fungua kifuniko cha radieta, bado ikiwa baridi, washa, ukiona povu linabubujika na halikomi basi gasketi ya hedi inapitisha. Ikishapata moto ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika uiachilie polepole, masikio chini. Sauti ya tok tok inayofuata mzunguko wa injini, mshukuru mwenyewe kwa chai uende.

Uliza timing belti. Kule Japani inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hapo unanunua injini. Na ile sauti ya tsssss akibadilisha gia, inayofurahisha watoi wa stage, kwa WRX mara nyingi ni valvu iliyoongezwa inayomwaga hewa nje, hewa ambayo kompyuta ilishaihesabu, kwa hivyo petroli inazidi kila gia. Si kasoro ya kukataa gari lakini inakuambia ni mtu wa aina gani alikuwa nayo. Kama inalipuka paa paa kwa ekzosti, hiyo achana nayo kabisa, pengine turbo imeshapikwa.

Namba 2: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano

Hapa najua nitatukanwa na watu wa Toyota. Lakini GTI ya tano, ile ya 2005 hadi 2009 hivi, ina turbo ya lita mbili, farasi 200, viti vinakushika vizuri, buti ya kubeba gunia la viazi kutoka Kinangop, na kwa foleni ya Waiyaki Way haikutesi kama gari ya klachi nzito. Injini yake inatumia belti, tofauti na ya sita inayotumia cheni, na tenshona ya ile cheni ya GTI ya sita ndio imemaliza injini nyingi, gari iliwaka vizuri jana leo asubuhi inakwaruza sekunde mbili halafu kimya cha milele.

Cha kuangalia kwa hii ya tano ni vitu viwili. Kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya presha, kinaisha taratibu, na kikitoboka kinakula kamshafti yenyewe. Kukifungua kukiangalia ni kazi ya muda mfupi na kipya si ghali, kwa hivyo muuzaji akikataa kifunguliwe anajua anachoficha. Cha pili ni giaboksi ya DSG, inayojibadilisha gia yenyewe, ile ya gia sita, inataka oili na filta kila kilomita 60,000 na watu wengi huku wanaambiwa ati oili ya giaboksi haibadilishwi. Iendeshe kwa jam, pole pole kabisa, kati ya gia ya kwanza na ya pili. Ikishtuka na kuruka ruka, punguza bei kwa nguvu ama achana nayo. Na usichanganywe na Golf ya 1.4 TSI yenye DSG ya gia saba, hiyo klachi zake ni kavu na foleni za Nairobi zinazimaliza, haijalishi imewekewa beji ya GTI nyuma.

Namba 3: Toyota Altezza RS200

Gari tamu. Inasukuma nyuma, manuali ya gia sita, farasi 210, na ni Toyota kwa hivyo bushi, breki na shoki unapata bila kupiga magoti. Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu haina turbo na hapa juu inabidi uikamue hadi mzunguko wa juu ndio ikuonyeshe kitu, pia giaboksi yake haipendi mtu wa fujo, ikikwaruza ukiingiza gia ya tatu kwa haraka ujue inakuja kukudai. Hakikisha ni RS200 kweli. AS200 inafanana nayo nje, ina silinda sita zenye farasi 160, na kuna watu wanabandika beji.

Kama una familia na hutaki maneno, Mark X ya 2.5 inafanya kazi hiyo hiyo ya kusukuma nyuma na utalala usingizi. Si ya spoti lakini wewe unajua mke wako atasema nini kuhusu Altezza.

Namba 4: Mitsubishi Lancer Evolution, 7 hadi 9

Kwa moyo hii ndiyo namba moja na sitabishana na mtu. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally na Lancer 1996 na tena 2001, na ukiingia kona ya Magadi Road na Evo utaelewa. Lakini kwa pesa ni ya nne. Injini ya 4G63 ni ngumu, chuma hasa, shida iko nyuma: ile mitambo ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, AYC, inaendeshwa na pampu ya haidroliki, na pampu ikifa bei yake itakufanya ukae chini. Ukiwasha swichi kabla injini haijawaka taa za onyo za dashi lazima ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Taa ya injini isipowaka kabisa si bahati njema, mtu ametoa balbu. Hii jaribu kwa gari yoyote, si Evo peke yake.

Pia angalia chini kwa welding. Evo nyingi za hapa zimeshawahi kukimbia kwa vumbi, na gari ya rali ikirudishwa rangi na viti inakaa kama mpya.

Namba 5: Mazda Roadster. Ya wikendi, raha tupu, viti viwili, iko chini. Ukiwa na gari nyingine nyumbani na estate yenu haina matuta ya kijinga, nunua. Vinginevyo pita.

Namba 6: Mazda RX-8

Bei itakuvutia, milango inafunguka kama ya kabati, kila mtu ataulizia. Injini yake haina pistoni, ina pembetatu mbili zinazozunguka, na imetengenezwa hivyo hivyo kuchoma oili kidogo kidogo kwa hivyo ukisahau kuongeza umeiua. Siili za ncha za hizo pembetatu zikichoka inakataa kuwaka ikiwa moto, umesimama petroli stesheni umejaza, unageuza ufunguo inazunguka tu. Ukiiwasha ikiwa baridi uisogeze mita tano uizime, petroli inafurika ndani na imekwama. Kupima kompresheni yake kunataka kipimo cha aina yake, kile cha kawaida hakifai, kwa hivyo kabla ya kuulizia bei uliza kwanza ni fundi gani Nairobi ana hicho kipimo. Jibu lisipopatikana haraka umeshajua kwa nini ni bei rahisi.

Makaratasi sasa. Namba pleti yenyewe inaongea: KBA zilianza 2007, KDA zikaja 2020. Ukiona gari imetengenezwa 1998 na ina namba ya KBS, fanya hesabu ya ile miaka minane uone inakataa, pengine kuna maelezo halali lakini lazima ayatoe yeye. Fanya serchi NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna kampuni ya mkopo imeandikwa pamoja naye, manake gari nyingi za spoti zinauzwa zikiwa zimewekwa rehani kwa logibuku. Linganisha namba ya chasi kwa bodi na iliyo kwa logibuku, kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Mwenyewe aanzishe transfa kwa akaunti yake, wewe uikubali kwa yako, mkiwa mmekaa meza moja, ndio pesa ya mwisho itoke. Bima nayo ulizia mapema, kampuni nyingi hazitaki kuipa gari ya umri huu komprehensivu, na benki pia haitakukopesha.

Ukishaichukua, kabla hujaipeleka Southern Bypass Jumapili asubuhi, badilisha oili, filta zote na maji ya breki, na belti pia kama hakuna risiti, hata akuambie aliibadilisha mwezi jana. Halafu inama uangalie tairi, kwa sababu hizi gari zinalala pakingi miaka na miaka. Pembeni kuna namba nne, ukiona 1416 hiyo ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016, na hata kama meno yake yamejaa, safari yake ya mwisho ni kutoka hapo hadi duka la tairi, na polepole.