Sabuni ya kufulia ya unga au ya maji kwa mwenye mzio?
Iwe ya unga au ya maji, yenye manukato iache dukani. Baada ya hapo ndipo zinapotofautiana. Ya maji huwekewa vihifadhi ili bakteria wasiote ndani ya chupa, na kimoja, methilisothiazolinoni, kinajulikana kwa kuwasha ngozi zenye mzio. Kitafute kwenye lebo, yale maandishi madogo ya nyuma yanayoumiza macho. Ya unga kwa kawaida haina haja ya vihifadhi hivyo, ila vumbi lake hukera pua na kifua, na kwenye maji baridi huweza kuacha chembe nyeupe kwenye mishono, kwapani na kiunoni, panaposuguana na ngozi. Mimi ningechukua ya unga, niiyeyushe kwanza kwa maji ya moto, nisuuze mara mbili. Mwenye pumu, bora ya maji isiyo na kihifadhi hicho.