Rendang imeiva, sambal bado

Mkahawa huu wa Kimalaysia umejipima kwa rendang tok, ile rendang (nyama ya kupikwa kwa tui na viungo) kavu ya jimbo la Perak, na umefaulu: nyama ya ng'ombe imekaa motoni mpaka tui limekauka na mafuta yamejitenga, kisha ikatiwa kerisik, yaani nazi iliyokaangwa kavu ikatwangwa. Mchuzi wa kuchovya usiutafute.

Nasi lemak, wali wa nazi wa Kimalaysia, ndiyo inayoyumba. Wali umechambuka na unanukia tui na majani ya pandan, dagaa wanavunjika mdomoni, lakini sambal, ule mchuzi mzito wa pilipili, ina ukali wa pilipili mbichi. Ilipaswa kukaangwa taratibu hadi mafuta yaelee juu.

Asam laksa, supu chachu ya tambi, agiza bila wasiwasi: ya jimbo la Penang hiyo, samaki na ukwaju, tui hakuna. Roti canai, chapati ya tabaka, iliwe moto. Ikipoa, ngozi ya ngoma.