TAHADHARI: Unaonyeshwa kabati la plaiwudi ya marini, unaletewa chipbodi

Ndugu zangu mnaotengeneza jikoni hapa Nairobi, tafadhali someni hili kabla hamjatuma hata shilingi.

Nilitaka kisiwa cha jikoni, ile ailandi, yaani kaunta inayosimama peke yake katikati ya jikoni. Fundi wangu akanishauri nisichongeshe: ninunue makabati matatu ya chini yaliyo tayari, upana sentimita 60 kila moja, ayafunge pamoja kwa skrubu, ayakaze sakafuni, juu tuweke graniti. Wazo lilikuwa zuri na bado nalikubali. Aliyeniumiza ni muuzaji.

Banda lake liko kando ya Ngong Road. Kabati la maonyesho nililishika mwenyewe: zito, droo inateleza, na ukingoni unaziona tabaka za plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji. Matatu KSh 54,000. Nikalipa 38,000 palepale. Namba ya Lipa na M-Pesa ikaleta jina la mtu, si la duka. Nikauliza. "Ni ya shemeji, mama, ya duka inasumbua leo." Nikabonyeza.

Mzigo ukafika saa mbili usiku, mvua inanyesha, kila kabati limezungushiwa plastiki. Dereva wa pikapu akasema hashushi kitu bila salio. Nikatuma.

Asubuhi fundi alipasua plastiki, akalilaza kabati moja, akapitisha ukucha kwenye tundu la bawaba. Chenga zikamwagika sakafuni kama pumba. Chipbodi tupu, yaani chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, imevalishwa karatasi ya rangi ya mbao. Pembe iliyolowa usiku ilikuwa imeshavimba, na mgongo ni hadibodi nyembamba iliyopigwa pini.

Sisemi chipbodi ni haramu. Makabati mengi ya bei nafuu ni ya chipbodi, na sehemu kavu, yakiegemea ukuta, yanadumu. Lakini kisiwa hakina ukuta wa kuegemea, mgongo wake unaonekana na kila mtu, na graniti ya sentimita 2 ina takriban kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Kaunta yangu ni mita 1.8 kwa 0.9, yaani karibu kilo 90, na wanangu hupenda kuning'inia kwenye kaunta. Nililia, si kwa sababu ya pesa tu.

Nilipompigia muuzaji alisema tofauti ni rangi tu. Mara ya pili nikakuta ameizuia namba yangu.

Kwa hiyo ukienda kununua, popote pale, waambie wakigeuze kabati. Tazama chini na mgongoni, toa rafu, chungulia tundu la bawaba, maana pale karatasi haifiki. Ukishachagua, tia sahihi yako kwa kalamu ndani ya kila kabati na upige picha. Risiti iandikwe aina ya mbao, si "kabati 3" kama yangu. Salio lilipwe plastiki ikishafunguliwa, mchana. Jina kwenye simu likitofautiana na la risiti, usiweke namba ya siri.

Nimepeleka shauri Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kama nawe uliuziwa hivi kando ya barabara hiyo, niandikie faraghani. Usifute ujumbe wa M-Pesa, na usitupe yale makabati.